Wathamini wa nyumba mlioko Marekani: fomu 1004 inafaa kwenye kesi ya talaka?

#1 Kobe wa Ohio
Wakuu, salaam. Niko Columbus, bado mwanagenzi wa uthamini, kila ripoti yangu inapita kwa msimamizi. Wiki hii wakili mmoja katuletea kazi: mke na mume wanaachana, nyumba yao ya kawaida tu, vyumba vitatu na gereji ya magari mawili, na mahakama inataka thamani ili wagawane. Msimamizi kaniambia nijaze 1004 kama tunavyojaza za benki, pale kwenye jina la mkopeshaji niweke jina la wakili. Basi, kazi imekwisha.

Usiku nikakaa nikasoma zile kurasa za mwisho za fomu, zile ambazo programu inazitoa zenyewe na hakuna anayezisoma. Zinasema wazi kwamba ripoti ni ya mkopeshaji, kwa ajili ya kuipima nyumba inayokopewa. Hapa hakuna mkopo wala mkopeshaji. Ninyi wenzangu mnatumia fomu gani kazi isipokuwa ya benki? Na kama 1004 haifai, mbona kila mtu anaitumia?

#2 Chumvi ya Mawe
Ngoja waje wajuzi. Nimekaa pembeni na karanga zangu.

#3 Mzee wa Futi
Kobe, usijaze.

1004 tuliyonayo ni toleo la Machi 2005. Ni fomu ya Fannie Mae, na kwa Freddie Mac inaitwa 70, karatasi ileile. Ilitengenezwa kwa benki zinazotoa mkopo kisha kuuuza kwa hao wawili. Kwenye ukurasa wa 4 wamekataza kubadili, kuongeza au kufuta chochote kwenye matumizi yaliyokusudiwa, mtumiaji aliyekusudiwa, maana ya thamani ya soko na masharti yake. Upeo wa kazi unaruhusiwa kuupanua. Hayo mengine huyagusi.

Halafu viapo vya mthamini viko 25. Soma cha 23. Unasaini kwamba mkopaji, mkopeshaji mwingine, kampuni za bima ya mikopo na wanunuzi wa mikopo huko juu wanaweza kuitegemea ripoti yako. Mke na mume wanaogombania nyumba wako wapi humo? Jaji yuko wapi?

Mimi niko Houston, kazi za talaka na mirathi nafanya kwa fomu ya matumizi ya jumla, ile GPAR. Ina majedwali karibu yaleyale, lakini matumizi, mtumiaji na maana ya thamani unaandika mwenyewe. Programu yako bila shaka inayo au ina ya kufanana nayo, angalia kwenye orodha ya fomu zisizo za benki.

#4 Bint Saidi
Mzee wa Futi, shikamoo, ila hapa sikubaliani nawe moja kwa moja.

USPAP, yaani viwango vya uthamini tunavyofuata Marekani, haina orodha ya fomu. Kanuni ya 2 inakwambia ripoti iwe na nini ndani na isimpotoshe msomaji. Namna ya kuiandika, iwe fomu, iwe maelezo marefu, wamekuachia wewe. Tangu 2014 kuna aina mbili tu: ripoti ya tathmini na ripoti yenye mipaka. 1004 si aina ya ripoti, ni karatasi. Mimi hapa Minneapolis natumia kurasa tatu za mwanzo, zile zenye jedwali la nyumba za kulinganishia. Kurasa tatu za mwisho natoa, naweka za kwangu zenye mtumiaji sahihi na viapo vya USPAP. Mawakili wanafurahi, majaji wanaielewa, na sijawahi kuitwa na bodi ya jimbo.

#5 Mzee wa Futi
Marahaba binti. Sawa, umetoa kurasa tatu za mwisho. Fungua ukurasa wa 1, juu kabisa kabla hata ya anwani ya nyumba, kuna sentensi iliyochapwa: lengo la ripoti hii fupi ni kumpa mkopeshaji maoni ya thamani ya soko. Hiyo umeitoa? Huwezi, imefungwa. Na chini ya kila ukurasa pameandikwa Freddie Mac 70, Fannie Mae 1004. Wakili wa upande wa pili akianza na sentensi ya kwanza tu utajibu nini?

Halafu cheka kidogo: fomu bado inajiita "fupi", aina ya ripoti ambayo USPAP yenyewe iliifuta 2014.

#6 Chumvi ya Mawe
Karanga zimenoga. Endeleeni.

#7 Nyaraka za Dallas
Mimi si mthamini, nafanya kazi ofisi ya wakili wa mambo ya familia. Nilichokiona mahakamani ndicho hicho cha #5. Mthamini kasimama, ripoti yake 1004 nzima, kurasa zote sita. Wakili wa mume hakuuliza habari ya paa wala bei. Aliuliza: "Mkopeshaji katika kesi hii ni nani?" Jamaa akasema hakuna. "Basi kwa nini umeandika mteja wako ni mkopeshaji?" Nusu saa nzima ilikwenda kwenye swali hilo moja. Thamani yenyewe ilikuwa nzuri tu, hata wao hawakuwa na nyingine ya kuipinga.

Lakini na sisi maofisini tuna lawama. Mara nyingi ni sisi tunaoomba "1004" kwa jina. Wakili hajui fomu, anajua namba hiyo moja aliyoiona alipokopea nyumba yake mwenyewe.

#8 Kobe wa Ohio
Shukrani wote. Kwa hiyo Nyaraka, unadhani sababu ni mazoea ya mawakili?

#9 Nyaraka za Dallas
Mazoea, na hesabu pia. Mmoja wao akibaki na nyumba lazima akope upya amlipe mwenzake nusu yake. Wakili anafikiri akiagiza 1004 sasa hivi, benki itaipokea hiyohiyo baadaye na mteja anaokoa ada ya pili.

#10 Bint Saidi
Ambapo benki haitaipokea. Benki lazima iagize yenyewe, au kupitia kampuni ya kati. Ripoti aliyoiagiza mkopaji au wakili wake haiingii kwenye faili la mkopo, hata ukiijaza kwa wino wa dhahabu.

Ila kwa maoni yangu sababu kubwa ni programu. Ukifungua faili jipya, fomu ya kwanza kwenye orodha ni 1004. Mtu amezoea vifupisho vyake, maneno yake yamehifadhiwa humo, picha zinajipanga zenyewe. Kufungua fomu nyingine ni kuanza kujifunza vitufe upya.

#11 Mkamba Halisi
Niko Baltimore, Mkenya. Naongeza la mirathi maana limenipata. Baba mkwe alifariki, nyumba ikaachwa kwa watoto. Mmoja wetu akapata mthamini wa bei nafuu, akatuletea 1004 yenye tarehe ya siku aliyokuja na tepu yake. Mhasibu alipoiona akairudisha. Anachotaka ni thamani ya siku mzee alipofariki, kwa sababu ndiyo inayokuwa msingi wa kodi mtakapouza. Na maana ya thamani kwa watu wa kodi ni ile ya kanuni zao, si ile iliyochapwa kwenye fomu ya benki. Tukalipa mara ya pili, maelezo marefu kurasa kama thelathini, tarehe ya nyuma, nyumba za kulinganishia zote ziliuzwa karibu na kipindi kile.

Kwa hivyo Kobe, kabla ya fomu uliza tarehe.

#12 Mzee wa Futi
#11 amegusa penyewe. Talaka nayo ni hivyohivyo: kuna tarehe ya kutengana, ya kufungua kesi, ya kusikilizwa. Kila jimbo na lake, na wakili ndiye wa kukwambia kwa maandishi. Wewe usiichague.

#13 Mpima wa Tegeta
Wakuu wa majuu, mimi mthamini niliyesajiliwa, niko Dar. Nasoma hapa nacheka. Yaani fomu moja imewafanya mgombane hivi? Huku kwetu hakuna 1004. Sheria ya uthamini ni Na. 7 ya 2016, kila ofisi ina mfano wake wa ripoti: maelezo ya kiwanja, hati, ramani, picha, jengo, soko, halafu thamani. Benki inataka namba mbili, thamani ya soko na thamani ya mauzo ya lazima, ile ya kuuza haraka mkopaji akishindwa. Ninyi hiyo ya pili mnaiweka wapi?

#14 Bint Saidi
Haimo kabisa. Kwenye 1004 kuna thamani ya soko tu. Benki ikitaka ya kuuza haraka hiyo ni kazi nyingine na makubaliano mengine.

#15 Mkamba Halisi
Hata Nairobi benki zinataka ya mauzo ya lazima, na thamani ya bima juu yake. Ripoti ndefu, unalipa, unasaini, hakuna anayekuonyesha kompu, zile nyumba za kulinganishia.

#16 Mpima wa Tegeta
Kompu utazitoa wapi? Bei iliyoandikwa kwenye mkataba na bei iliyolipwa ni ndugu wa mbali. Unamuuliza dalali, dalali naye ana mteja wake.

#17 Mzee wa Futi
Mpima, usidhani huku ni peponi. Texas sheria haimlazimishi mtu kutangaza bei aliyonunulia. Ukienda rejista ya kaunti unakuta hati, bei haipo. Usipokuwa mwanachama wa mtandao wa madalali huna kompu. Tofauti yetu na ninyi ni kwamba dalali wetu anaandika kwenye kompyuta.

#18 Chumvi ya Mawe
Mpima nina kiwanja Kigamboni, naomba thamani ya soko, ya lazima na ya bure.

#19 Mpima wa Tegeta
Ya bure ni hii: kakitembelee kwanza uone kama bado ni chako.

#20 Mama Atlanta
Turudi kwenye mada jamani. Naona mnazungumzia matumizi tu, lakini watu wanakosea hata pale ambapo benki imeagiza yenyewe. Mimi hukagua ripoti za wenzangu. Kosa ninaloliona zaidi: nyumba za kuungana zenye ada ya mwezi ya umoja wa wenye nyumba. Mtu akiona ada anakimbilia 1073, fomu ya kondo.

Ada haiamui kitu. Soma hati. Ikisema kiwanja namba fulani, kitalu fulani, maana yake mwenye nyumba anamiliki ardhi iliyo chini yake, hiyo ni 1004 na unaweka alama kwenye kisanduku cha PUD, yaani mradi wa nyumba wenye maeneo ya pamoja. Ikisema kipande namba fulani pamoja na sehemu isiyogawanywa ya maeneo ya pamoja, hiyo ni kondo, 1073, hata kama ina bustani yake na mlango wake wa mbele. Nimeona safu mbili zinazotazamana mtaa mmoja, mjenzi mmoja, rangi moja, upande huu kondo upande ule si kondo.

#21 Kobe wa Ohio
Dada, na kondo iliyosimama peke yake? Tumepata moja, nyumba kamili, kuta zake nne, lakini hati inasema kondo.

#22 Mama Atlanta
Hapo kuna mwanya. Fannie Mae wanakubali 1004 kwa kondo iliyosimama peke yake, mradi ueleze mradi wenyewe vizuri, ada ya umoja, na hali ya matunzo ya maeneo ya pamoja. 1073 nayo inakubalika. Mimi nachukua 1073 kila mara.

#23 Bint Saidi
Mimi nachukua 1004, kwa sababu mnunuzi wa nyumba hiyo analinganisha na nyumba zilizosimama peke yake, si na vyumba vya ghorofani. Jedwali la 1004 linanipa nafasi ya kiwanja.

#24 Mama Atlanta
Halafu nani anaandika habari za umoja, akiba yake, vipande vingapi vimeuzwa na vingapi vimepangishwa? Unazisukumia kwenye nyongeza, na mkaguzi kama mimi anazitafuta kwa tochi.

#25 Bint Saidi
Nunua tochi kubwa dada yangu 😂

#26 Mzee wa Bronx
Ninyi wa majumba ya peke yake mnafaidi. Huku New York mtu ana nyumba lakini hana hati ya nyumba, ana hisa za kampuni inayomiliki jengo, na mkataba wa kukaa humo. Hiyo si 1073, ni 2090. Nimeona mtu kajaza 1073 kwa sababu jengo linafanana na la jirani. Akarudishiwa siku hiyohiyo.

#27 Tumbo Joto
Na 1025 ndiyo ya nyumba za kupangisha siyo? Nina nyumba Indianapolis nimepangisha, benki inataka tathmini.

#28 Mzee wa Futi
Hapana. 1025 inahesabu idadi ya makazi, haijali nani anakaa. Makazi mawili mpaka manne, 1025. Nyumba yako ya familia moja iliyopangishwa ni 1004, na benki ikitaka kodi ya soko inaongezwa 1007. Makazi matano kwenda juu hayo ni ya biashara, fomu hizi zote weka chini.

#29 Furaha wa Maine
Ndugu zangu, habari. Mimi ni mtu wa Bukavu, niko Lewiston. Huku kwetu kuna nyumba za zamani za ghorofa tatu, familia tatu, hizo ni 1025 hakuna mjadala. Mjadala uko kwenye nyumba ya familia moja ambayo mwenyewe ameweka jiko na bafu chini au juu ya gereji, mama yake anakaa humo. Wathamini wawili walikuja nyumba moja kwa benki mbili. Mmoja kaandika 1004 yenye makazi ya ziada, mwingine 1025. Bei zikatofautiana sana, kwa sababu nyumba za kulinganishia si zilezile.

#30 Mama Atlanta
Furaha, hiyo ni vita ya kila siku. Mwongozo wa Fannie Mae unasema angalia sifa: mita zake za umeme na gesi zimejitenga? Ina anwani yake ya posta? Inaruhusiwa kisheria kupangishwa? Wanasema "inaweza kujumuisha", kwa hiyo si hesabu ya kujumlisha alama. Mita mbili bila ruhusa ya manispaa utaiitaje?

#31 Bint Saidi
Mimi naanza na sheria ya matumizi ya ardhi ya mji. Ikiwa eneo hilo haliruhusu makazi mawili, ni 1004, nukta.

#32 Mzee wa Bronx
Na ikiwa ilijengwa kabla ya sheria hiyo, ikaachwa iendelee? Nukta yako imehama.

#33 Mzee wa Futi
Mimi naangalia soko. Wanunuzi wa mtaa ule wananunua nyumba yenye chumba cha mama, au wananunua makazi mawili ya kukusanya kodi? Jibu la hapo ndilo linalochagua fomu, mita zinakuja baadaye.

#34 Mama Atlanta
Soko la mtaa ule unalijuaje kabla hujachagua kompu, na kompu unazichaguaje kabla hujajua ni nyumba ya aina gani? Tunazunguka.

#35 Seremala wa Carolina
Nami nichangie la kwetu vijijini: nyumba zilizojengwa kiwandani zikaletwa kwa lori. Hizo ni 1004C. Lakini zipo za modula, yaani za vipande vinavyounganishwa kiwanjani, nazo zinaletwa kwa lori, na hizo ni 1004 ya kawaida, kama nyumba iliyojengwa papo hapo. Kuzitofautisha ni rahisi: ingia chini ya sakafu na tochi. Ukiona chasi ya chuma, ni ya kiwandani.

#36 Mama Atlanta
Seremala, chasi peke yake haitoshi. Zipo modula zinazoachwa juu ya chasi, na nimeshuhudia mtu akiishusha thamani ya nyumba kwa kosa hilo. Tafuta vyeti. Nyumba ya kiwandani iliyojengwa kuanzia tarehe 15 Juni 1976 inafuata kanuni za HUD, wizara ya nyumba ya Marekani, na kila kipande kilichosafirishwa kina kibati chekundu kwa nje, mwishoni mwa ukuta. Ndani kuna karatasi ya taarifa, kwa kawaida kwenye kabati la jikoni, kabati la nguo la chumba kikubwa au karibu na boksi kuu la umeme. Hiyo ina jina la kiwanda, namba za nyumba, na ramani ya upepo na theluji iliyokusudiwa. Modula haina hivyo, yake inafuata kanuni za ujenzi za jimbo na kibandiko chake ni kingine.

#37 Seremala wa Carolina
Nakubali la chasi. Ila vibati hivyo watu wanavifunika kwa vinaili mpya ya ukutani, na karatasi ya kabatini wanaipaka rangi pamoja na mbao. Nilikuta moja imepakwa rangi nyeupe, zikabaki herufi tatu na kona ya ramani. Hapo mnafanyaje?

#38 Mama Atlanta
Mwenye nyumba anaomba barua ya uthibitisho kutoka kwa kampuni inayoweka kumbukumbu hizo kwa niaba ya HUD. Ukiwa na namba za nyumba inasaidia. Bila hivyo benki nyingi hazisogei.

#39 Kijana wa Mfumo
Wakubwa mnachoka bure. Hizi namba zote zinakufa. Fannie Mae na Freddie Mac wameleta ripoti mpya moja, UAD 3.6. Hakuna tena 1004, 1073, 1025, 1004C, wala 2055 ya kutazama nyumba kwa nje tu. Unaingiza sifa za nyumba, ripoti inajitanua au inajipunguza yenyewe. Ratiba waliyotangaza: hiari kwa wote kuanzia 26 Januari 2026, lazima kuanzia 2 Novemba 2026. Swali la "fomu ipi" halitakuwepo.

#40 Mzee wa Futi
Kijana, hilo la namba ni kweli. Lakini ukiingia humo utaulizwa: ni kondo? Ni ya kiwandani? Makazi mangapi? Kuna makazi ya ziada? Furaha na nyumba yake ya Lewiston bado atajibiwa na wathamini wawili majibu mawili.

Na hiyo mpya nayo ni ya mikopo. Kobe akiletewa talaka Desemba 2026 bado atauliza swali lake la leo.

#41 Kijana wa Mfumo
Angalau hatajaza kitu kinachojiita "fupi" 😄

#42 Bint Saidi
Na mimi kurasa zangu tatu nitazikosa.

#43 Tumbo Joto
Kama shida ni gharama, kwa nini Kobe asitoe ile ripoti yenye mipaka aliyoitaja Bint Saidi? Kurasa chache, ada ndogo, wanandoa wenyewe nyumba yao wanaijua.

#44 Bint Saidi
Inawezekana kisheria. Zamani ilikuwa ya mteja peke yake. Tangu toleo la 2020 unaweza kuongeza watumiaji wengine, mradi uwataje kwa majina. Kwa wanandoa wanaoelewana, wanataka namba tu wakae mezani, mimi nimetoa hizo.

#45 Nyaraka za Dallas
Kwa wasioelewana usithubutu. Ripoti yenye mipaka inasema yenyewe kwamba hoja zako huenda zisieleweke bila jalada lako la kazi. Wakili wa pili ataomba jalada lote, ukurasa kwa ukurasa, na utalieleza ukiwa umeapishwa.

#46 Kobe wa Ohio
Wakuu, marejesho. Nimezungumza na msimamizi, nikamsomea sentensi ya ukurasa wa 1 ya Mzee wa Futi. Amesema mahakama za kaunti yetu zimepokea 1004 miaka yote na hakuna aliyelalamika. Hajakataa GPAR, amesema nikiitaka niijaze mimi, nisimsumbue. Nimeshaifungua.

Sasa jipya: wakili amepiga simu leo. Mke ndiye atakayebaki na nyumba na anataka kukopa upya amlipe mume. Anauliza kama ripoti yetu tunaweza kubadili tu jina la mteja tuweke la benki.

#47 Bint Saidi
#10. Hapana.

#48 Mzee wa Futi
Jina la mteja halibadilishwi baada ya ripoti kutoka. Benki ikikutafuta ni kazi mpya, makubaliano mapya, ripoti mpya, na hapo ndipo 1004 inapoingia kihalali. Na wakati huo uwaambie benki kwamba nyumba hiyo umeshaifanyia kazi ndani ya miaka mitatu, hilo ni la lazima.

#49 Mkamba Halisi
Na ada mara mbili. Watoto wa watu wanaachana, ninyi mnajenga Kigamboni.

#50 Chumvi ya Mawe
Msiniingize, kiwanja changu bado kinatafutwa.

#51 Nyaraka za Dallas
Kobe, wakili amekupa tarehe ya thamani?

#52 Kobe wa Ohio
Bado. Nimemwandikia barua pepe, kesho nakwenda kupima.

#53 Mzee wa Futi
Nenda kapime, vipimo havibadiliki. Kompu usiguse mpaka ajibu.

#54 Mgeni Njiani
Habari za humu. Sijasoma uzi wote. Nina nyumba Des Moines, chini ya ardhi kuna jiko la pili na shemeji anakaa humo, mita ni moja. Ni 1004 au 1025?

#55 Furaha wa Maine
Karibu ndugu. Anzia #29, ukifika #34 utuambie.